Mtani Aliyekuja na Adabu

Baba yangu na jirani yetu wa mtaa wa Flemingdon Park huku ughaibuni, wote wazaliwa wa Mombasa, walikuwa watani kwa ajili ya vita vya kale. Waomani walipowazingira Wareno katika ngome ya Mombasa, dola mbili zikigombea pwani isiyo yao, wahenga wa baba walikuwa ndani, wakifa kwa njaa na tauni. Wa jirani walikuwa nje, wakingoja, hata waliobaki ndani walipokuwa wachache ndipo wakapanda kuta kwa ngazi. Ndivyo walivyosimuliwa. Jirani hakupiga hodi kama wengine. Alisimama mlangoni akauliza kama waliobaki wako tayari kusalimu amri. Baba alimuuliza ni shujaa gani husubiri tauni impiganie. Kisha wakanywa kahawa.

Mwana wa jirani, aliyelelewa huku, alikielewa Kiswahili lakini hakuujua utani. Katika karamu ya Idi alisikia baba akimwita mzazi wake mpanda ngazi za wafu, akayachukua maneno hayo kuwa matusi. Muda si mrefu akamhamishia mzee wake kwake Markham, nje ya jiji, ambako mzee asiye na gari hafiki kwa mtu. Simlaumu kijana peke yake. Anayemrithisha mtoto maneno bila desturi iliyoyazaa amemkabidhi upanga bila ala.

Baba alipougua saratani, hakuuliza habari za dawa. Aliuliza kama yule bwana atakuja. Kwao mtani humdhihaki mgonjwa, hata maiti, na kwa dhihaka hiyo humhakikishia kuwa bado ni mtu miongoni mwa watu.

Alikuja wakati wa baridi, mwanawe nyuma yake amemshikia koti. Baba akajiinua kwenye mto.

"Umechelewa, we mpanda ngazi. Tauni imekwisha kukufanyia kazi. Ingia, lango li wazi."

Niliona midomo ya mzee ikicheza. Akamtazama mwanawe, kisha sakafu.

"Pole sana, bwana. Mwenyezi Mungu akupe shifaa."

Baba alimshukuru kwa adabu ileile, akamuuliza hali ya barabara. Wakazungumza habari za theluji. Walipoondoka baba aligeukia ukutani, na uji niliomletea ukapoa.

Hata mazikoni nilimtazamia mtani wake. Kwa desturi angelizuia jeneza, adai ngome ikabidhiwe kwanza, nasi tungembembeleza atupishe. Alisimama kwenye safu, akanipa mkono, akasema yale yanayosemwa na kila mtu. Jeneza likapita.