Hasira za Mama Nesta

Mimi ni dereva wa bodaboda, na abiria wangu wa kudumu ni Mama Nesta. Zahanati inamwita mhudumu wa afya ya akili. Watu wa milima hii ya kisiwa cha Flores wanamwita "yule aliyepona", ila wanapomwita hivyo huwa wamekaa mbali naye kidogo.

Alipofiwa na mtoto wake wa pekee, akili zilimruka. Alikwenda uchi mpaka sokoni akiita jina la marehemu na kuwarushia watu mawe. Mjomba wake akatoboa gogo, akaupitisha mguu mmoja wa Mama Nesta kwenye tundu, akapigilia kabari. Huo ndio mkatale wetu. Hakuna aliyeuona ukatili, maana walimlisha na mvua ikinyesha walimfunika. Miaka ikapita huko nyuma ya jiko, mpaka nesi Goreti alipopanda na sindano zake, na sindano zikafanya kazi. Sasa Mama Nesta anazunguka kwenye nyumba zenye magogo. Anakaa chini na waliofungwa, anazungumza nao, anahakikisha wamemeza dawa, anawabembeleza wenye nyumba wafungue.

Ni kazi ya kumchosha mtu mpaka kwenye mifupa. Dawa zake mwenyewe zinamtia usingizi. Kwenye kona nasikia kichwa chake kikigonga mgongo wangu, nami napunguza mwendo. Dawa zikiisha zahanati, lawama zake. Mgonjwa akizidiwa, lawama zake. Lakini kinachomchosha hasa ni kingine. Akicheka sana harusini, mtu atamsogelea amnong'oneze, "Mama, umemeza dawa?" Akinyamaza msibani, "Mama, umemeza dawa?" Siku moja alimfokea muuza samaki, na soko zima likasimama kumtazama yeye. Samaki walikuwa wameoza kweli, nilinusa mwenyewe.

"Kaka Rofin," aliniambia siku ile, "mimi nimekuwa mpole kuliko sanamu ya kanisani. Nimechoka."

Nyumba ya Mama Hendrika ni ya mwisho huko juu. Mwanawe mdogo, Kanis, alikuwa amefungwa kwenye gogo tangu siku alipomkata kaka yake begani kwa panga. Lakini tangu mavuno ya mahindi alikuwa akichomwa sindano, na sasa alikuwa analala, anakula, anaulizia habari za mbuzi. Nesi akasema afunguliwe. Baba yao hayupo duniani, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la huyo kaka, Valens, na Valens alikuwa anaondoka wiki hiyo kwenda Malaysia kwenye mashamba ya michikichi. Asipokubali kabla ya meli, Kanis angebaki kwenye gogo mpaka arudi. Na wanaokwenda kule, wengine hawarudi.

Tukapanda asubuhi. Tukaketi uani, kikapu cha tambuu kikaja. Kwetu mgeni anapewa majani, chokaa, popoo, zile kokwa ngumu za kutafuna, na kisu kidogo, anakata mwenyewe huku mazungumzo yakipamba moto. Mama Nesta haletewi kisu. Kila nyumba anayofika, popoo zake huja zimeshakatwa, kwa heshima zote, na yeye hushukuru akatafuna. Siku hiyo sijui ilikuwaje. Labda ni usingizi, labda ni mlima. Alikitazama kile kikapu, akakitazama tena.

"Kisu kiko wapi?"

"Nimeshakukatia, Mama," alisema Valens. "Wewe tafuna tu."

"Mikono ninayo. Nipe kisu."

"Ah, Mama, tusifike huko."

"Tusifike wapi? Kwani nitakuchinja? Hapa kwako nimekuja mara ngapi, Valens? Nani anamnyoa mdogo wako ndevu? Na wembe nakuja nao mwenyewe, kwenye mfuko huu huu! Leo kisu cha popoo ndiyo kimekuwa bunduki?"

Akasimama, akakipiga kikapu teke. Popoo zikatawanyika, kuku wakakimbia.

Valens hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi. Alinigeukia mimi, kana kwamba Mama Nesta ameshaondoka. "Kaka Rofin, mrudishe nyumbani. Huyu ndiye aliyepona? Basi wangu acha akae alipo."

Nyuma ya nyumba gogo likakwaruza chini. Kanis alikuwa amesikia yote.

Tulishuka mlima. Nilitamani kurudi nimtandike Valens konde moja, na ningefanya hivyo watu wangesema Rofin ana hasira, yangeishia hapo. Tulipofika kwake ndipo Mama Nesta aliposema, "Nimemfunga kijana wa watu kwa mdomo wangu." Akachukua ndoo, akaenda kulisha nguruwe. Alimtukana yule nguruwe matusi ambayo siwezi kuyaandika, ukoo wake wote, halafu akammwagia makapi, akamkuna mgongo. Kisha akaketi kumenya mihogo. Mimi nilibaki nikikaza mnyororo wa pikipiki uliokuwa umekazwa tayari. Sikuwa na moyo wa kumwacha.

Mara Mama Hendrika akatokea nyuma ya banda la nguruwe, miguu imejaa vumbi.

"Mama! Umeshuka kwa miguu?" nikamwuliza.

"Wewe na pikipiki yako mlipita barabarani, mimi nimekata njia ya mteremko. Nimekuja kumtazama huyu." Akamwelekezea Mama Nesta kidevu. "Nilitaka nione atavunja nini."

Mama Nesta hakuacha kumenya. "Umeona nimevunja?"

"Nimeona umelisha nguruwe." Bibi akajishusha taratibu, akachukua muhogo na yeye. "Valens anasema zile hasira zako ni ugonjwa unarudi. Mimi nimeishi na baba yake Valens. Hasira nazijua. Zako ni hasira tu."

Mama Nesta akaweka kisu chini, akajifunika uso kwa khanga. Sikumwona machozi, niliona mabega yake tu.

"Kesho uje," Mama Hendrika akasema. "Nyundo ninayo. Huyo mwanangu wa kwanza nilimzaa mimi, hakunizaa yeye."

Kesho yake Valens alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mama yake akampita na nyundo bila kumsalimia. Akagonga kabari mara kadhaa, ikachomoka, tundu likalegea. Kanis akabaki ameketi vile vile, mguu ndani ya tundu.

"Mnaona?" alisema Valens. "Hata mwenyewe hataki."

Mama Nesta aliketi mavumbini kando ya Kanis. Hakumvuta, hakumhimiza. Mimi ningekuwa nimeshamvuta zamani. Tulikaa hivyo mpaka jua likaanza kuchoma. Mwishowe Kanis akamwinamia.

"Mama, jana ulikasirika."

"Nilikasirika, ndiyo."

"Na mimi nikikasirika je? Watanirudisha?"

Mama Nesta alimtazama Valens, naye Valens akatazama chini. Valens alipofungua mdomo aseme, mama yake akamuwahi.

"Utakasirika," alisema bibi, "na mimi nitakukasirikia. Toa mguu."

Kanis akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akautoa. Ulikuwa umekonda hata goti lilionekana kubwa. Akautazama, kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kinachosikika mpaka bondeni. Valens akaruka, akampokonya mama yake nyundo, akaiokota kabari.

Mama Nesta alinyanyuka kwa shida, akasimama kati ya Valens na Kanis.

"Mwache," akamwambia. "Analia tu."