Gololi Nyeusi ndani ya Mbabula

Bado naiota jioni ile, mwanangu, na kila nikiiota moshi wa makala, yale makaa ya kupikia, unaniingia puani, kana kwamba sijawahi kuondoka pale. Tulikuwa uani kwetu, komini iitwayo Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Shangazi yangu, Tantine Astrida, alikuwa amewasha mbabula, jiko letu la makala, apike bukari, ugali wa kwetu, huku akitoa miba kwenye samaki wakavu wa Pweto, mji wa mbali ziwani. Baba, fundi mstaafu wa reli, alikaa kwenye kiti chake. Jumapili iliyofuata wazee wa Kambale, kijana aliyetaka kunioa, wangekuja kuchukua jibu la posa, na baba alikuwa ameshasema jibu ni hapana.

Kambale hakuwa na kosa. Alitoka Butembo, kule Kivu ya Kaskazini, akiuza sabuni na vitenge kwa jumla, mtu wa sala, mpole mpaka unamwonea huruma. Nilimpenda, basi, niseme nini zaidi? Lakini baba alishikilia kwamba damu yetu haichanganywi.

"Hatumujue mama yake, hatujue kwabo," alisema. "Mutoto wangu haolewe na mugeni."

Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni Ulaya. Nilimletea baba zawadi: gololi moja nyeusi, ya zile zinazotiwa ndani ya magurudumu ya mashine yazunguke kwa urahisi. Alipenda sana vitu hivyo. Akaipima mkononi, akashangaa.

"Mbona iko nyepesi hivi? Hii haiko chuma."

"Haiko chuma, baba. Iko ya kuchoma, sawa chungu."

"Chungu!" Akacheka, mara ya kwanza tangu nirudi. Chungu chekundu kwa moto, alisema, ukikitia majini kinapasuka, hata mtoto anajua. Kabla sijamzuia, akaifukia gololi yangu ndani ya makala.

"Yo!" Tantine akapiga kelele. "Weye unapika majiwe, na siye tutakula nini?"

Tukangoja. Gololi ikaanza kuwa nyekundu polepole, halafu rangi ya chungwa, ikawa kama jua dogo limeshuka uani kwetu kupumzika. Nilisahau hata huzuni yangu. Baba akaikamata kwa koleo, akaitumbukiza kwenye ndoo. Chwaa! Mvuke ukatufunika sote watatu. Akaitoa, akaigeuza na kuigeuza karibu na macho. Haikuwa na ufa hata mmoja.

"Banaweka nini ndani?" akauliza, sauti imeshuka.

Sikuwa na hila, mwanangu. Nilimjibu nilivyofundishwa. Ni unga wa silikoni, ile iliyomo kwenye mchanga, iliyoungana na azoti, yaani nitrojeni, sehemu kubwa ya hewa hii tunayoivuta kila siku bila kuisikia. Unga huo ukiwa peke yake, safi kabisa, haushikani. Uuchome utakavyo, hauyeyuki. Mwisho wake unaanza kuvunjika, na azoti yake inarudi hewani. Kwa hiyo wanatia unga kidogo wa aina nyingine, mgeni, usiofanana nao. Huo ndio unaoyeyuka, unapenya katikati ya chembe, na chembe zinarefuka, zinasukana kama mkeka. Ufa ukija unagonga chembe moja, unapinda, unagonga nyingine, mpaka unachoka.

"Unga wa mugeni," baba akasema.

"Ndiyo, baba." Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema, nikaogopa.

Tantine akaweka samaki chini. Alikuwa na ulimi yule mama, Mungu amrehemu.

"Kaka, nyani haoni kundule. Hii samaki inatoka wapi?"

"Pweto."

"Na mama yetu alitoka wapi?"

Baba akaigeuza tena gololi, na Tantine akajijibu mwenyewe.

"Ndiyo Pweto kule kule, na kitunga ya samaki ku kichwa! Bantu ya kwetu balimukataa, balisema iko mugeni. Na njaa ilipoingia mu nyumba, nani alitulisha? Mugeni akuye, mwenyeji apone. Kaka, ule unga wa mugeni iko mu damu yako!"

Baba alilia, mwanangu. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa huyo mama yake. Alilia mbele ya mbabula, na bukari haijapikwa. Kisha akasema neno moja tu: "Bakuye." Wazee wa Kambale waje.

Jumapili alifungua mlango mwenyewe, akamkalisha mama yake Kambale kwenye kiti chake.

Kambale sasa ni mzee. Anakoroma chumba cha pili ninapokuambia haya. Mjukuu wetu yuko chuo, anachoma urea, mbolea ile ya mahindi, ndani ya chombo kilichofunikwa, unatoka unga wa manjano wa kaboni na azoti. Eti jua likiupiga unasaidia kusafisha maji machafu. Ananisimulia, nami nasinzia huku natabasamu.

Nasikia kwenu kuna kijana aliyekuja kumposa binti yenu, mnataka kumrudisha mlangoni. Muulize tabia yake, muulize kazi, muulize anasali wapi, hiyo ni haki yako. Lakini kuzaliwa mbali usikufanye kosa. Uliza kwanza bibi yako mwenyewe alitokea wapi.

Mungu akupitishe motoni, mwanangu, na maji ya ghafla yasikupasue. Na mgeni wako atakapobisha hodi, akukute makala yamewaka.