Mize na Vyuma Vyake vya Moto

Mke wangu Mize, Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Watu wa Kikwajuni wanamjua kwa mitalawanda, vile viatu vya mbao. Mie nnamjua kwa mengine pia, lakini hayo ni yangu.

Alizaliwa Makunduchi. Mama yake alikuwa akichoma mapambo juu ya mitalawanda kwa chuma cha moto, na mama wa mama yake vilevile. Kila mmoja wao alimchomea binti yake jozi moja ya kwenda nayo kwa mume. Jozi hiyo hainunuliwi, wala haifanywi na mtu mwengine. Mize alikuja kwangu na yake miguuni. Nilisikia mlio wake ukumbini kabla sijamwona uso.

Mie fundi baiskeli. Baraza yangu ilikuwa Mkunazini, kwenye kona ambapo jua halifiki mpaka adhuhuri. Mize alikuja na chuma kimoja tu, msumari mkubwa wa mlango, umetiwa kipini cha gunzi la muhindi ili usiunguze mkono. Kwa msumari huo alichora mstari, akachora jani, akatia nukta. Siku moja nikamsikia anaguna. Alitaka kuchora mshipa wa jani, msumari ukala mbao mpaka ndani.

"Mnene huu," akasema. "Utadhani nalima."

Kesho yake nikamletea spoku iliyokatika. Waume wengine hupeleka asumini. Akaigeuzageuza.

"Ndiyo nini hii?"

"Spoku."

"Spoku naijua. Sasa unataka nikupandie baiskeli?"

Lakini jioni niliporudi nikaikuta ina gunzi lake, imenolewa juu ya jiwe, na jani lina mishipa myembamba kama nywele. Alinipakulia samaki kichwa.

Basi ikawa hivyo. Kila kipande nilichokuwa nikitupa, sasa nakitazama mara mbili. Msumari wa pili niliugonga ncha ikawa bapa kama ulimi. Mrija wa valvu wa shaba ukawa unachapa duara dogo, jicho la ua. Mwavuli wa mteja ulivunjika kwa upepo wa kusi, nikaomba chuma chake kimoja. Kile chuma kina mfereji kwa ndani, na ncha yake ikigusa mbao inaacha alama ya mwezi mwandamo. Mize alikipenda kuliko vyote. Alikuwa akipanga ile miezi midogo mmoja mmoja, mpaka unaona magamba ya samaki.

Nilipenda kukaa nikimtazama. Makaa yake yalikuwa ya vifuu vya nazi, maana moto wake mtulivu. Chuma kikitoka motoni hakiendi kwenye kazi, kinaanza kwenye kibao kibovu. Moshi ukiwa mzito, anasubiri. Ukiwa mwembamba, haya. Spoku inapoa upesi, ukisita inatia doa pale uliposita, kwa hiyo mstari alikuwa akiuchora kwa pumzi moja. Ulimi bapa haukokotwi, unalazwa na kuinuliwa. Aliniambia hayo zaidi ya mara moja. Nilikuwa nikiitikia naam, na nafikiria minyororo.

Mwaka wa Mapinduzi duka la viatu karibu na baraza yangu lilifungwa, mwenyewe akaondoka. Viatu vikawa adimu. Watu wakarudi kwenye mitalawanda. Usi, seremala jirani yetu, akawa anachonga, Mize anachoma. Kuna siku kibaraza chetu kizima kilijaa miguu ya mbao inangojea zamu. Wanu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa akipita katikati yake amenyanyua gauni asiichafue.

Wanu akakua. Akaposwa na kijana wa Uroa, Muhiddin, mtu mpole. Harusi ikawekwa baada ya Sikukuu ya Ramadhani. Usi akaleta jozi ya mti wa mtalawanda wenyewe, ule unaovipa viatu hivyo jina, nyeupe, haina fundo. Mize akaiweka juu ya kabati, akasema ataianza akipata utulivu.

Hakuupata. Alikuwa anapeta mchele uani, ungo ukamtoka. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na upande mmoja wa mdomo. Hospitali walisema mkono huenda ukarudi, huenda usirudi. Miezi ikapita, haukurudi.

Zilipobaki wiki tatu, jozi bado iko juu ya kabati, nyeupe. Mize analala chini yake, anaitazama. Wanu akaona.

"Mama, mie ntavaa champali za dukani. Haidhuru."

"Champali," akasema Mize. Siku ile hakula.

Jioni nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mie ntachoma," nikamwambia.

"Wewe?"

"Mie."

"Kwa mikono hiyo ya kufungulia nati?"

"Sina mingine."

Kusema kulikuwa kunamchosha. "Haitakuwa yangu," akasema.

"Wewe sema, mie nfuate."

Akafumba macho. Nikadhani kalala. "Kalete vyuma," akasema.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Tangu aanze kuumwa, kila Ijumaa nilikuwa nikivitoa vile vyuma mkebeni, nikivipaka mafuta ya mnyororo. Chuma kisichotumika kinaota kutu, na mie dawa ninayoijua ni hiyo. Nilikuwa naona ninamtunzia. Sikumwambia.

Nikawasha seredani ya makaa mlangoni ili aone. Vyuma vikatoa moshi, nikasema makaa mabichi. Nikachukua ule mrija wa valvu, nikausimamisha juu ya kisigino cha kushoto, nichape jicho la ua la kwanza. Kumbe mafuta yamejaa ndani ya mrija, na gunzi nalo limeyanywa. Yalipopata moto yakateremka. Mbao nyeupe ikayafyonza. Doa kubwa kama dole gumba, na linazidi kutanda.

"Pandu," akaita kitandani. "Nini hiyo?"

"Moshi."

"Moshi wa mbao naujua. Hiyo baiskeli."

Nikauondoa mrija juu ya mbao.

"Umevitia mafuta vyuma vyangu?"

"Vingeota kutu."

"Vinalala motoni, Pandu! Kutu itoke wapi?"

Halafu bega lake likaanza kutikisika. Wanu akaja mbio kutoka jikoni, akidhani mama kapaliwa. Mize alikuwa anacheka. Kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka. "Babako," akasema, "babako kavitia oili." Wanu akacheka, mie nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule ungo uanguke.

Lakini doa lilibaki. Nikaenda nalo kwa Usi.

"Lipige randa," nikamwambia.

Akalitazama juani. "Limezama. Nikipiga randa mpaka liishe, bibi harusi atakwenda na mguu mmoja mfupi. Watasema Pandu katuoza kiguru."

"Mti mwengine?"

"Ule ndio wa mwisho. Nshauliza mpaka mashamba."

Nikarudi. Mize akaupokea ule mtalawanda kwa mkono wa kushoto, akauweka kifuani, akalipapasa doa kwa kidole.

"Mafuta hayatoki," akasema. "Yafunikwe. Kwanza safisha vyuma. Viwe vyekundu, uvisugue kwenye jivu, uvirudishe, mpaka visitoe moshi vikiwa peke yake. Magunzi yatupe, tia mapya."

Siku mbili nilifanya kazi hiyo. Ya tatu akaniambia nianze na ule msumari mnene wa kwao. Spoku haiwezi kufunika kitu, alisema, itachora mistari tu na doa litachungulia katikati yake. Linatakiwa jani lililoungua sana, jani la kivuli, na upande wa pili jani kama hilo, ili mtu adhani ndivyo lilivyokusudiwa.

Nikalaza msumari. Nikasukuma.

"Usisukume. Nati ndiyo inayotaka nguvu."

Nikasukuma tena, bila kujua. Basi akaniambia nisogeze kiti mpaka kitandani, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko changu. Nikisukuma, anaubana. Nikilegeza, anaachia. Hivyo tukaenda, kila siku baada ya sala ya alasiri, mpaka mwanga upungue. Alikuwa akijua kwa harufu kama chuma kimepoa. "Rudisha," anasema, nami narudisha. "Sasa spoku. Vuta pumzi. Twende." Miaka yote ile niliitikia naam, na ndiyo kwanza nnasikia.

Jani la kivuli likatokea. Na la pili. Doa likawa halionekani tena, hata mie nililitafuta. Nikachora mishipa, nikatia macho ya maua kwa mrija, ulimi bapa ukatia petali. Maua yangu yalikuwa mazito kidogo, lakini ni maua.

Siku tatu kabla ya harusi likabaki ua moja, kwenye mtalawanda wa kulia, karibu na ncha ya vidole. Nikapasha ulimi bapa.

"Nipe," akasema Mize.

"Nini?"

"Nipe mie."

Nikamtilia mto mgongoni. Nikaushika mtalawanda mapajani mwake. Nikamnyooshea ule ulimi. Akatikisa kichwa. Huo unataka mkono uliotulia, ukitetemeka unachafua. Nikamnyooshea spoku.

"Hiyo itamwambia kila mtu ninavyotetemeka. Nipe cha mwavuli. Kile kinagusa tu na kuondoka."

Akakishika kwa kushoto. Akajaribu kwenye kibao kibovu, mara nne, mara tano. Kisha akagusa mbao. Mwezi mmoja. Nikakirudisha motoni, nikampa. Wa pili. Jasho lilikuwa linamtiririka. Wa tatu. Wa nne mkono ukamruka, mwezi ukaangukia nje ya safu, umegeuka. Akatia wa tano mahali pake, akaniachia chuma.

Tukalitazama lile ua la miezi mitano.

"Limepinda," akasema. "Lifunike. Tia jani juu yake."

"Sifuniki."

"Pandu, bibi harusi huyo. Watu watatazama."

"Na watazame."

"Mie nimesema lifunike."

"Nimekusikia." Nikamwaga maji kwenye seredani. Sikuwa nimemkatalia kitu kwa muda mrefu, na yeye alishangaa zaidi yangu. Hakusema nami mpaka isha.

Siku ya kufunga vitu vya bibi harusi akaja Bi Mwamvua, somo wake Wanu aliyekuwa akimfunda, mwanamke mwenye jicho lisilopitwa na kitu. Akafungua, akapekua, kanga, udi, mkeka. Akaishika mitalawanda.

"Mashallah," akasema. "Mashallah, Bi Mize, na wagonjwa mnatushinda." Kisha akausogeza mmoja dirishani. "Lakini ua hili vipi? Hapa fundi alikuwa anasinzia?"

Mize alinitazama mie, kama mtoto aliyevunja kikombe. Mie nikatazama sakafu. Wanu akaupokea ule mtalawanda mkononi mwa somo wake.

"Mama," akauliza, "hili nani kafanya?"

Angeweza kusema ni mie. Ningekubali.

"Langu," akasema Mize. "Mengine yote ya babako. Mie nilikuwa nasema tu." Akameza mate. "Nilimwambia alifunike, mkaidi."

Wanu aliliinamia lile ua, akalipitishia kidole, mwezi baada ya mwezi, mpaka ule uliogeuka. Akakaa chini, akavaa. Kushoto kwanza, kisha kulia.

"Liko mguu wa kulia," akasema.

"Ndiyo."

"Basi ndilo ntakaloingilia mlangoni kwa Muhiddin."

Bi Mwamvua akafuta macho kwa ukingo wa buibui, akajifanya anatafuta udi. Wanu akasimama, akatembea mpaka ukumbini na kurudi. Mlio ulijaa nyumba. Mize alikuwa amenyanyua kichwa juu ya mto, anasikiliza, mdomo wake ule nusu umefunguka.

"Bi Mwamvua," akasema, "mwambie asikimbie nayo. Sakafu za Uroa zina mchanga, atateleza."