Siku Niliyoingoja Bahari ya Jeddah Ipwe

Ule mwaka Jeddah nzima ilipoingiwa na wazimu wa chokoleti ya njugu za kijani, hata madam wangu wa mtaa wa Al-Safa, ninayempikia, akawa anaila na chai ya asubuhi, ndio mwaka nilioaibika mimi, mtu mzima na wajukuu zangu, na nikikumbuka natamani nijifunike shuka gubigubi.

Mjukuu wangu Saumu alikuwa anaolewa kwetu Malindi (nimemlea mwenyewe, mzuri, ana adabu, na mapishi kayatoa kwangu, si kwa mamake), nami nataka ruhusa nikamwoze. Madam akasema, "Mama yangu anakuja na dada zake kutoka Riyadh, tutakodi nyumba ufukweni. Wapikie chakula cha kwenu. Wakifurahi, utakwenda." Akauliza anunue samaki gani, na mdomo wangu huu ukajibu, "Usinunue, madam. Bahari itatupa yenyewe."

Ningeachaje kusema? Nilikuwa nimeuona mwezi mpevu, na kwetu mwezi ukijaa ni bamvua, maji yanapwa mpaka miambani, wanawake wanashuka na ndoo kuokota kombe na kumtoa pweza shimoni kwa kijiti cha chuma, mimi mtoto nyuma ya mama nimeshika pindo la leso yake. Nikadhani bahari zote zina tabia moja.

Basi wali wa nazi nikaupika, ndoo nikaipanga, wageni wakaketi kwenye zulia wanatazama maji. Maji nayo yanawatazama.

"Mama Zuhura, yanatoka lini?" akauliza Hajja, yule mama yake madam.

"Sasa hivi, Hajja."

Nikaanza kuwazuga kwa hadithi ya mji wangu. Nikawaambia Mreno alivyokuja na merikebu zake, mfalme wetu akamlisha akashiba, naye akaacha nguzo ya mawe yenye msalaba ambayo mpaka leo watalii wanalipa kuitazama. Maji palepale. Nikawaambia Mreno alivyohamia Mombasa na Malindi ikalala, majumba yakaota miti ndani. Palepale! Nikaingia kwa Waitaliano, walivyonunua pwani wakajenga hoteli, hata muuza maembe anakusalimia Kitaliano, na pale mama alipokuwa akianika pweza pana vitanda vya kuotea jua, na askari anamuuliza mwenye mji anakwenda wapi.

Njeri, mwenzangu wa kazi, msichana wa bara asiyejua hata kuogelea, akaniinamia, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Shosho, hiyo maji nimeiwekea kijiwe toka asubuhi. Haijasonga. Ya huku haitokangi."

"Nyamaza wewe, unajua nini?"

Nikaingia majini na nguo zangu mpaka kiunoni, napapasa chini, wageni wamenielekezea simu zao wananipiga picha, nikapata kitu, nikakiinua juu kwa furaha. Kiatu cha mtoto, cha plastiki.

Walicheka mpaka wakalaliana. Madam hakucheka. "Halas! Wali mtupu wageni wangu wataula na nini?" Ikaagizwa kuku wa kukaanga kwa simu, akaja amepoa, nami nimekaa jikoni natiririka maji, nasema basi, Saumu ataozwa bila mimi.

Hajja akanifuata huko, akajikalisha kwenye kigoda. "Sisi Riyadh tulikuwa na mitende," akasema, "pale penye barabara kubwa sasa. Hata mimi nikienda sijui pa kusimama." Kisha akampigia kelele bintiye, "Mpe ruhusa huyu!"

Nikambusu mkono. Naye, mama wa watu, akanogewa. "Lakini twende wote. Hoteli nalipa mimi, tutalala kwenye vile vitanda, utuonyeshe maji yakitoka."

Mimi? Nikajilaze palipoanikwa pweza wa mama yangu, niletewe juisi? Nikamwambia, "Sitaki, Hajja. Mimi nakwenda kwa mjukuu wangu, na bahari simwahidi mtu tena."

Madam akaguta, "Unamjibu nani hivyo?" Lakini Hajja akacheka tu. Nikaenda, nikamwoza Saumu kwa vigelegele, nikarudi kazini. Juzi Hajja kapiga simu kutoka Riyadh, eti twende wote Malindi, tiketi anakata yeye, mwezi unakaribia kujaa, nisemeje? Nikasema, "Sitaki, Hajja. Mimi nakwenda kwa mjukuu wangu, na bahari simwahidi mtu tena."