Mwezi Niliouchora Kabla ya Kuuliza

Mimi ni mwepesi wa hasira, na nikisifiwa navimba kichwa haraka zaidi. Nasema mapema ili anayesoma asinionee huruma pale nitakapoaibika.

Nilikuwa natengeneza mchezo wa kompyuta. Mvuvi mdogo mwenye kofia nyekundu anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashua hadi mashua, anarusha ndoano juu, inanasa kwenye nguzo, naye anabembea kuwapita viboko. Akikanyaga kichwa cha mamba kwa wakati wake anarushwa juu. Akichelewa kidogo, anaanza upya. Michoro ilikuwa yangu. Programu aliiandika rafiki yangu, mama wa watoto wawili aliyekimbilia kwetu kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mtu wa hesabu asiyependa samaki hata kwa harufu. Tulifanya kazi alasiri, umeme ukiwepo, katika sebule yangu ya mtaa wa Cibitoke, baada ya mimi kufunga kibanda changu cha fotokopi.

Katika sebule hiyo hiyo, kando ya mlango, alikaa baba yangu. Alikuwa mvuvi wa Gatumba, kando ya ziwa, maisha yake yote, mpaka maji yalipoingia na kuondoka na nyumba, mashua na nyavu. Mama alikuwa ameshafariki. Nikamleta kwangu, akaja na koti moja na redio, akachagua kiti cha plastiki, akakaa. Salamu alijibu, chakula alishukuru, basi. Redio yenyewe hakuiwasha. Ziwa liko karibu, lakini hakuomba hata siku moja kwenda kulitazama. Niliogopa jambo moja tu, nalo nililiogopa kila asubuhi nilipofungua mlango: kwamba baba yangu angemalizikia kwenye kiti kile.

Mtu atauliza, binti wa mvuvi anatengeneza mchezo wa uvuvi, si jambo jepesi hilo? Lingekuwa jepesi kama ningekuwa binti mwema. Nilisomea mjini, kwa shangazi, na Gatumba nilienda likizo tu. Baba alikuwa akitandaza wavu uani na kuniita "mama", kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, nishike upande wa pili ili aushone. Nilikataa. Wenzangu shuleni walikuwa wameshanicheka kwamba nanuka ndagala, dagaa wa ziwani, nami nikaapa kwamba wavu sitaugusa. Hakunilazimisha. Aliufunga upande ule kwenye mti akaendelea peke yake. Nilijua pia kwamba kila mwezi kulikuwa na siku kadhaa ambazo baba alilala nyumbani. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo nilichora mwezi. Nilikaa nao wiki tatu. Ulikuwa mpevu, wa rangi ya siagi, ukivunjika vipande vipande juu ya maji, na chini yake mashua mbili zilizofungwa pamoja kwa miti, taa zikiwaka, wavu ukishuka katikati na ndagala wakijaa humo hadi wanamwagika. Ilikuwa hatua ya tano ya mchezo, na ndiyo iliyonivimbisha kichwa.

"Franchement, kusema kweli, dada," rafiki yangu aliniambia, "hii mwezi ndiyo itatuvusha."

Tulikuwa tumealikwa kuuonyesha mchezo katika ukumbi mmoja wa mjini, mbele ya watu wanaotafuta michezo ya kufadhili. Zilibaki siku chache.

Alasiri moja nilikuwa naijaribu hatua ile nikasikia sauti nyuma yangu.

"Huyo mupumbavu ni nani?"

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama, kidole kimeelekea kioo cha kompyuta.

"Mwezi iko juu, yeye anawasha taa. Ndagala inafwata taa sababu ya giza. Mwezi ikiangaza ziwa muzima, samaki itafwata taa gani? Inatawanyika. Hakuna mutu anavua hivyo. Watamucheka."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu aje kwangu. Mtu mwenye akili angepiga magoti kushukuru. Mimi niliona wiki zangu tatu zinatupwa jalalani, na hasira ikanitangulia.

"Papa, ni mchezo tu. Watu wa mujini hawajui hizo vitu."

Alinitazama kidogo. "Ni kweli," alisema. "Hawajui." Akarudi kwenye kiti chake, akaelekeza uso barabarani.

Siku mbili hata chakula alikishukuru kwa kichwa tu. Rafiki yangu alipokuja nikamweleza, nikitaraji aniunge mkono kuhusu mwezi. Aliifunga kompyuta yake.

"Dada, we uko na baba anakugombeza kwa kazi yako, na unakasirika? Wangu yuko chini ya udongo. Ningelipa aamuke anitukane hata dakika moja."

Nilitaka kumjibu vikali, maana ndivyo nilivyo, lakini macho yalinienda kwenye kile kiti kando ya mlango. Siku ya tatu nilipika chai ya maziwa, nikampa baba kikombe kwa mikono miwili, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Papa, nilikosea. Unifundishe."

Alipuliza chai. "We unataka kujua, ama unataka tu kunifurahisha?"

"Nataka kujua."

Akaniambia. Mwezi ukipevuka, wavuvi wa taa hawaingii ziwani. Mashua zinavutwa nchi kavu. Nyavu zinatandazwa, zinakauka, na kila mtu anatafuta matundu ya wavu wake, kwa sababu tundu usiloliziba siku za mwezi litakupokonya samaki siku za giza. Ndizo siku za kuzika waliokufa wakati watu wako majini, za kwenda ukweni, za kuoa.

"Mama yako nilimuona siku za mwezi," alisema. "Nilikuwa nashona. Alipita, nikamuomba anishikie upande ya wavu, sababu nilikuwa peke yangu. Akashika mupaka jua ikaenda. Bila mwezi, we ungetoka wapi?"

Nililia pale pale kwenye mkeka, wala sikujificha. Niliona upande ule wa wavu umefungwa kwenye mti, uani Gatumba.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa nimechora vinavyoelea tu. Tuliubakiza mwezi, tukafuta uvuvi. Katika hatua mpya, mchezaji akishusha wavu chini ya mwezi anatoa maji matupu. Lazima arudi nchi kavu, ambako wavu mkubwa umetandazwa kioo kizima, naye anaruka jicho la wavu hadi jicho akivuta uzi nyuma yake na kuziba yaliyopasuka. Anaweza kuliacha tundu akipenda. Ila hatua ya sita wavu ni ule ule, na samaki wanatoroka pale pale alipoacha. Rafiki yangu, aliyeogopa kwamba watu watachoka, alipoyafahamu haya alipiga mikono mezani kwa furaha. Hesabu ilikuwa imemwingia damuni.

Fundo la kushonea wavu lilitushinda. Nililichora mara sita na baba akalikataa mara sita. Mwishowe akaniagiza uzi wa nailoni na sindano ya nyavu. Nilivileta, akafunga uzi kwenye mguu wa kiti chake, na mikono ile iliyokuwa imelala magotini miezi mingi ikaanza kwenda. Ilikwenda upesi hata ikabidi nimwombe apunguze mwendo ili nichore. Jioni hiyo aliwasha redio.

Siku ya maonyesho alivaa koti lake. Bwana mmoja kati ya hao wa kuchagua michezo alikaa kwenye kompyuta, akafika kwenye mwezi, akaona kushona kunamchelewesha, akaacha matundu matatu na kukimbilia mbele. Hatua ya sita ndagala wakamtoka kama maji kwenye chujio. Kabla sijafungua mdomo, baba alishasogea begani kwake.

"Si uliona matundu? Rudi ushone!"

Ukumbi ukacheka, na yule bwana akacheka, akarudi akashona yote. Tuliahidiwa msaada wa kuumaliza mchezo, nami nilishukuru na bado nashukuru. Lakini mwanzoni nimesema niliogopa nini, na hilo halikuwa limeisha. Kesho yake baba alikuwa kwenye kiti tena.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nilifungua mlango nikakuta kiti kitupu. Kipande cha uzi kilining'inia mguuni mwake. Sindano haikuwepo. Sikufungua kibanda siku hiyo. Nilitembea kuteremka mpaka ziwani, nikiuliza njiani kama kuna aliyemwona mzee wa koti la kahawia.

Nilimkuta mchangani. Mashua zilikuwa zimevutwa nje, kwa maana jana yake mwezi ulikuwa mzima, jambo ambalo sasa nilikuwa nalijua. Wavuvi walikuwa wametawanyika na nyavu zao, na yeye alikuwa na mmoja mapajani, wa mtu mwingine, akitafuta tundu kwa vidole. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumgombeza kwa kunitisha. Niliyaacha yote, nikamsogelea.

Hakuinua kichwa. Alinyoosha kidevu kuelekea ncha ya pili ya wavu, iliyolala mchangani.

"Mama, shika upande ile."

Ulikuwa mbichi, unanuka ndagala. Nilikaa chini, nikaushika, na sikuuachia mpaka jua lilipozama.