Mama wa Tight End

Nakiri: yule mwanamke aliyepiga simu redioni kulalamika kwamba timu yetu inamtelekeza tight end, yule mchezaji wa kukinga wenzake na kudaka mpira, ni mimi. Nilikana karibu msimu mzima, kwa sababu kila Jumapili, sebuleni kwetu Eagan, huku Marekani, ni mimi niliyewaambia mume wangu na mdogo wake kwamba futiboli ya Kimarekani ni ya watu wasio na kazi.

Shemeji aliisikia ile simu akiwa garini.

"Lafudhi ya Tanga kabisa, shemeji! Eti tight end anawakinga wenzake mchana kutwa, halafu mpira hapewi, kama mpishi wa harusi aliyenyimwa sahani ya pilau."

"Watu wa Tanga tuko wengi," nilijibu, nikimenya vitunguu.

"Lakini ana hoja," alisema mume wangu.

"Hana! Mpira wapewe wenye mbio," alidakia shemeji.

"Wenye mbio wanaudondosha!" nilifoka, kisha nikarudi haraka kwenye vitunguu.

Jumapili ya mwisho ya msimu simu yangu iliita nikikanda chapati. Shemeji akaipokea, akaweka spika. Mtangazaji wa ile redio alimtaka yule mpigaji waliyembandika jina "mama wa tight end" arudi hewani.

Niliomba dakika mbili ninawe mikono. Hoja nilikuwa nimeshaziandika.