Dawa Aliyokataa Kuichanganya Baba

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyompandishia baba yangu sauti. Tulikuwa Woolwich, hapa London, miaka michache baada ya Mapinduzi kututoa Unguja, na mimi nilikuwa msichana mwenye ulimi mkali. Najua utasema haujapoa mpaka leo. Haya, nisikilize hivyo hivyo.

Baba alikuwa mchanganya dawa hospitalini Unguja tangu enzi za Mwingereza. Kazi aliijua, lakini kufungua duka lake mwenyewe hakuruhusiwa. Sheria ilitaka cheti cha Uingereza, na watu kama yeye hawakupelekwa kukisomea. Akazeekea kwenye dirisha la dawa la hospitali ya serikali. Huku London nako ujuzi wake haukutambuliwa, akawa anafunga maboksi kiwandani.

Basi akaja jirani yetu, Bi Zuwena, amembeba mwanawe anayekohoa na kuhema kwa shida.

"Mzee Hamidi, nichanganyie ile dawa yako ya kifua, ya kule nyumbani. Wallahi daktari wa hapa simfahamu, wala yeye hanifahamu."

Dawa ile ilikuwa na kasumba, yaani afyuni, kidogo ndani yake, na kikohozi ilikuwa ikikituliza kweli.

"Sina ruhusa, Bi Zuwena," baba akasema.

Nikalipuka. "Ruhusa ya nani, baba? Waliokunyima duka kwenu ndio unaowatii mpaka huku? Mtoto wa watu anateseka!"

Baba aliinuka. Alivaa koti, akamwambia Bi Zuwena, "Twende kwa daktari. Nitakusemea mimi." Nikawafuata nimenuna.

Ndani ya basi ndipo akaniambia kwamba kabla ya sheria ile, kule mjini Unguja sumu ya panya ikiuzwa pamoja na sukari, na kasumba ikipimwa kwa kijiko cha chai. Alishawaona watoto waliolazwa usingizi kwa dawa hiyo wasiamke tena.

"Mwingereza aliandika sheria mbili kwenye karatasi moja," akasema. "Moja ya kulinda maduka ya watu wake. Hiyo ilinidhulumu, na hasira ninayo mpaka leo. Ya pili ya kulinda watoto. Hiyo ningeiandika mwenyewe."

Daktari alimsikiliza mtoto kifua, uso ukambadilika. Mapafu yalikuwa yamejaa. Akamuuliza baba kama mtoto amepewa chochote cha kumlaza, maana pumzi aliyobakiwa nayo ilikuwa ndogo, na dawa ya namna hiyo ingeizima. Baba akajibu hapana. Mtoto akapelekwa hospitali, akapona. Nilimwonea baba fahari, na uchungu pia, maana daktari alimshukuru kwa kazi ya ukalimani tu.

Sasa wewe, mwanangu, umeanza kusomea ufamasia, na juzi nilikusikia ukisema sheria za dawa ni urithi wa wakoloni, zitupwe zote. Zichambue kwanza. Kila moja iulize inamlinda nani. Iliyowekwa ili mtu kama babu yako asifungue duka, ipige vita mpaka ifutwe. Iliyowekwa ili mtoto asife kwa kijiko cha dawa, ishike, hata kama aliyeiandika alikudharau. Usimponze mgonjwa ili umkomoe mkoloni.

Mungu akufungulie duka alilonyimwa babu yako, na kila mtoto atakayekunywa dawa ya mkono wako aamke asubuhi.